Jogoo wa Nini, na Sisi Tuna Nguru?

Ukisimama mlangoni pa maabara ya shule yetu ukatazama upande wa bustani, utaona kisanduku cheupe cha mbao kilichosimama kwa miguu minne, rangi imebambuka na mlango umefungwa kwa waya. Hapo ndipo tulipokuwa tukisomea joto tulipokuwa kidato cha kwanza. Hatua chache kutoka hapo pamesimama paipu ya chuma, tupu, haina kitu juu. Wageni wa siku ya wazazi hudhani ni mlingoti wa bendera. Siyo. Juu ya paipu hiyo palikuwa na mshale wa upepo, na chini ya mshale palikuwa na herufi nne za Kiingereza zilizoonyesha pande nne za dunia. Likizo moja ya Aprili shule ikafungwa, na tuliporudi mshale haukuwepo. Yasemekana uliondoka na watu wa vyuma chakavu. Hakuna aliyeulilia.

Nami sikuulilia, nasema kweli. Lakini sasa nimefika kidato cha tatu na nimebadili mawazo, ndiyo sababu nimeshika kalamu. Maoni yangu ni kwamba mshale ule urudishwe, na urudishwe mapema, ila usirudi vile ulivyokuwa. Usiwe mshale mtupu, wala usiwe jogoo kama wale tunaowaona vitabuni. Uwe samaki. Tena nguru.

(Kabla sijaendelea: katika mkutano wa chama palizuka mabishano makali juu ya jina la chombo hiki. Kuna waliosema kielekezaupepo, kuna waliosema dira ya upepo, na mmoja alisema kipimaupepo, akazomewa kwa kuwa hicho ni cha kupima kasi. Mimi nitasema mshale wa upepo, maana hivyo ndivyo sote tulivyokuwa tukiuita pale bustanini.)

Nianze na moshi, kwa sababu ndio ulionifikisha hapa. Jaa la shule limechimbwa pembe ya kusini, karibu na ua. Nimeulizia nikaambiwa lilichimbwa Januari ya miaka kadhaa iliyopita. Januari, kama tujuavyo sote, ni kaskazi. Upepo hutoka kaskazini-mashariki, na siku zile moshi wote ulichukuliwa nje ya ua, upande wa mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Aliyelichimba bila shaka alisimama akatazama, akaona kazi yake ni njema, akaenda zake kunywa chai. Ikaja Aprili, kusi ikaingia. Sasa upepo watoka kusini na kusini-mashariki, na hukaa hivyo mpaka Septemba hivi. Yaani muhula wa pili mzima, moto wa jaa unaowashwa saa nne za asubuhi hutuletea moshi wake madarasani moja kwa moja, nasi madirisha tumeyafungua kwa ajili ya joto. Na si moshi wa majani makavu tu. Humo mna chupa za plastiki, mna karatasi za peremende, mna kalamu zilizokwisha wino.

Mwenzangu ninayeketi naye dawati moja ana pumu. Mwaka jana, katikati ya mtihani wa Hisabati wa muhula wa pili, aliinuka bila kuomba ruhusa akatoka nje na dawa yake ya kuvuta mkononi. Hakurudi. Karatasi yake ilikusanywa ikiwa na maswali mawili tu yaliyojibiwa, na alama zake zikabandikwa ubaoni pamoja na zetu kana kwamba alikaa saa zote mbili kama sisi.

Baada ya siku hiyo nilifunga kipande cha leso kuukuu juu ya ile paipu tupu. Kwa wiki mbili, kila kipindi cha saa nne, nilikitazama kwa dirisha na kuandika nyuma ya daftari langu. Siku zote isipokuwa moja kilipepea kuelekea madarasani. Nikaenda kwa mzee wetu anayechoma taka nikamwonyesha daftari. Alinisikiliza kwa adabu sana, kisha akasema, "Mwanangu, mimi hufuata saa. Sifuati upepo."

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Nani aliyempa kitu cha kutazama? Kipande cha leso juu ya paipu ni kitambaa tu. Mtu hudhani kimerushwa na upepo kikanasa. Lakini nguru mzima wa kung'aa juu ya paa, anayegeuka kila upepo unapogeuka, hakuna atakayempita bila kuinua macho. Kwangu mimi, urembo wa mshale wa upepo na faida yake ni kitu kimoja. Ukiwa mbaya, hautazamwi, usipotazamwa, hausaidii. Ule wetu wa zamani ulikuwa wa chuma cheusi, mdogo, tena uliwekwa chini ya mwarobaini ambapo upepo hujipinda, ukawa unazunguka kama mtu aliyepotelewa na nauli. Wataalamu wa hali ya hewa duniani wamekubaliana upepo upimwe mita 10 kutoka ardhini, mahali pa wazi. Wetu ulikuwa chini ya nusu ya hapo na jirani yake ni mti. Wezi walichukua kitu ambacho sisi wenyewe tulikuwa tumeshaacha kukitazama.

Hebu sasa tukumbushane unavyofanya kazi, kwa maana wengi wetu hukosa swali hili. Mshale hauonyeshi upepo uendako, huonyesha utokako. Kipande changu cha leso kilipeperuka kwenda kaskazini, lakini mshale ungeelekea kusini, na upepo huo huitwa wa kusini. Siri iko kwenye mkia. Uzito wa mbele na wa nyuma sharti ulingane pale kwenye mhimili, lakini upana usilingane: mkia uwe mpana kuliko kichwa. Upepo ukija husukuma mkia zaidi, mkia ukakimbilia nyuma, na kichwa kikabaki kimeukabili upepo. Hayo tu. Hakuna betri, hakuna waya.

Nilipomweleza babu yangu haya alicheka sana. Babu alivua samaki tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia, na nyumba yetu iko huku chini Mishomoroni karibu na mikoko. Akaniambia kwamba chombo chochote cha tanga kilichotoka huku kilikuwa na kibendera ncha ya mlingoti, hata kama ni utepe wa nguo iliyochanika, na nahodha alikitazama kuliko alivyotazama maji. Usiku usipoonekana, upepo husikizwa kwa sikio na shingo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba chombo hiki kimeletwa na vitabu vya Jiografia. Kilikuwapo juu ya milingoti yetu, tukakiacha baharini tulipokwenda shuleni.

Na watu wa pwani hii walikuwa na haki ya kuutazama upepo, kwa sababu ndio uliowalisha. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha. Asiyeamini na amwangalie Vasco da Gama. Aprili 1498 alipita Mombasa, asielewane na wenyeji, akafika Malindi akapewa rubani. Akaondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi inaanza, na tarehe 20 Mei alikuwa amefika karibu na Calicut. Haukutimia hata mwezi. Safari ya kurudi hakungoja. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijakaa sawa, akahangaika baharini karibu miezi mitatu, watu wake wakifa kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Januari 1499 ndipo alipoiona tena Afrika, na mabaharia waliobaki walikuwa wachache hata ikabidi merikebu moja, São Rafael, ichomwe moto maana hakukuwa na watu wa kuiendesha. Bahari ni ile ile, merikebu ni zile zile. Kilichobadilika ni upepo.

Sasa huyu jogoo alitoka wapi? Sina ugomvi naye, ana kwao. Kwanza kabisa hakuwa jogoo. Huko Athens, Ugiriki, mpaka leo umesimama Mnara wa Pepo, wa mawe ya marumaru na wenye pande nane, uliojengwa na mtu aliyeitwa Andronikos yapata miaka elfu mbili iliyopita. Kila upande umechongwa sura ya upepo mmoja na jina lake. Juu ya paa palikuwa na sanamu ya shaba ya Triton, kiumbe wa baharini aliye nusu mtu nusu samaki, akizunguka na kunyosha fimbo yake juu ya sura ya upepo unaovuma. Tazameni basi: mshale wa upepo unaotajwa sana katika habari za kale ulikuwa na mkia wa samaki!

Jogoo alikuja na makanisa ya Ulaya, kwa kumbukumbu ya jogoo aliyewika Mtume Petro alipomkana Yesu. Brescia, Italia, kumehifadhiwa jogoo wa shaba wa karne ya 9, na huhesabiwa kuwa miongoni mwa wakongwe kuliko wote waliosalia. Wavikingi wa kaskazini ya Ulaya waliweka vibati vya shaba vilivyopakwa dhahabu kwenye merikebu zao, vyenye picha za wanyama, na baadaye baadhi yake vikapandishwa juu ya makanisa ya Norway na Sweden. Yaani vilitoka chomboni vikaenda paani, safari ile ile ninayoiomba mimi. London, katika chumba cha baraza la wanamaji, kuna kitu kama uso wa saa ukutani kilichounganishwa na mshale ulio juu ya paa, tangu mwanzoni mwa karne ya 18, ili wakubwa wajue bila kutoka nje kama upepo utawaruhusu adui zao kutoka bandarini.

Lakini ninayempenda zaidi ni panzi wa Boston, Marekani. Naam, panzi! Alifuliwa kwa shaba na fundi Shem Drowne mwaka wa 1742, akapakwa dhahabu na kutiwa macho ya kioo, akawekwa juu ya jengo la Faneuil Hall, na mpaka leo yuko huko. Mwaka wa 1974 naye aliibwa. Jiji zima likamtafuta, na baada ya siku chache akapatikana amefichwa humo humo mnarani, amefunikwa kwa bendera kuukuu. Mtu akiwaza atauliza: mbona panzi wao alitafutwa na mshale wetu haukutafutwa? Jibu langu nimekwisha kulitoa. Wao walimpenda panzi wao.

Basi kama Boston wameweka panzi na hawakuona haya, sisi tunanakili jogoo kwa sababu gani? Mwanzoni mimi nilichora mtepe, ule mtumbwi mkubwa wa kushonwa kwa kamba uliosafiri pwani hii kutoka Lamu, wenye tanga la mkeka na macho yaliyochorwa omoni. Niliuchora vizuri, nikajisifu moyoni, nikampelekea babu. Akaushika mchoro, akaugeuza, akanitazama.

"Mke wangu, chombo hichi chenda wapi?"

Nikamwambia kinaelekea upepo utokako.

"Na tanga limejaa hivi?"

Hapo nikaona aibu. Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda omo kwa omo na upepo. Tanga lake lingepigapiga kama nguo kwenye kamba. Mvuvi yeyote wa Mishomoroni angeutazama mtepe wangu juu ya paa akacheka mpaka akae chini. Babu akaniambia nichore samaki. Samaki ndani ya mkondo hukaa ameukabili mkondo, mkia ukiwa nyuma, na asiye hivyo huchukuliwa. Tukataja changu, tafi na kolekole, tukakubaliana nguru: mwili mrefu, kichwa chembamba, mkia uliopasuka mara mbili na mpana. Kwa hesabu ya upana niliyoieleza hapo juu, nguru ameumbwa tayari kuwa mshale wa upepo.

Limebaki jambo la herufi, nalo lilitutesa chamani kuliko yote. Tukisema tuandike kwa Kiswahili, Kaskazini ni K na Kusini ni K, Mashariki ni M na Magharibi ni M. Mshale wenye K mbili na M mbili hauna tofauti na mtu anayekuelekeza njia kwa kukwambia "ni huko huko." Wenzangu wengine wakasema basi turudie Kiingereza, maana ndicho kitakachotoka kwenye mtihani. Nikalipeleka na hili kwa babu. Akasema mabaharia walikuwa na maneno yao: kaskazini ni Jahi, kwa jina la nyota, kusini ni Suheli, nayo ni nyota, mashariki ni Matlai, na magharibi ni Umande. J, S, M, U. Hakuna inayogongana na nyingine! Ile nyota ya Jahi yenyewe huku Mombasa haionekani, kwa sababu tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mabaharia waliiona wakishavuka kwenda juu. Lakini jina walilirudisha nyumbani.

Wala hatuhitaji kununua dira ya kuzipangia. Mombasa na Makka ziko karibu kabisa katika mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na kitu hivi, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini. Mafundi waliojenga msikiti ulio nyuma ya shule walishatupimia. Herufi J ielekee kule unakoelekea mihirabu, na kazi imekwisha.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, pesa. Nimezungumza na fundi wa kuchomelea karibu na stendi, na amesema akipewa bati la alumini (la chuma litaliwa na chumvi ya hewa yetu kabla sijamaliza kidato cha nne) na beringi mbili za gurudumu la pikipiki, gharama haitapita bei ya mipira miwili mizuri. Nanyi mnaosema shule haina pesa za urembo, tokeni barabarani mtazame matatu zinazoshusha watu Mishomoroni. Zimechorwa ubavu huu mpaka ubavu ule, taa za rangi chini ya viti, na abiria huiacha iliyo tupu wakangoja iliyochorwa. Kumbe urembo twautaka, ila shuleni tunauogopa.

La pili, simu. Kwamba siku hizi simu yakwambia upepo. Simu haziruhusiwi shuleni, hilo mosi. Pili, simu itakupa upepo wa Mombasa kwa jumla, si wa kona ya jaa letu saa nne kasorobo. Kama simu zingetosha, uwanja wa ndege wa Moi kule Changamwe ungekuwa umekwisha kuuondoa ule mfuko wa nguo wa rangi unaojaa upepo kando ya njia ya ndege. Kanuni za kimataifa zataka mfuko wa namna ile usipungue urefu wa mita 3.6, ili rubani auone toka mbali kwa macho yake. Rubani ana vyombo vyote hivyo mbele yake na bado atazama mfuko.

La tatu ni gumu zaidi, na lilisemwa na mwenye pumu mwenyewe, kwa hiyo siwezi kulipuuza. Alisema, "Na ukishajua upepo watoka wapi, moshi utakwenda kwa nani?" Pepo zetu zote mbili kubwa hutokea upande wa mashariki kwa namna moja au nyingine, kwa hivyo jaa likihamishiwa magharibi madarasa yatapona. Lakini magharibi ndiko waliko watu wa karibu na mikoko. Ndiko kwetu. Babu yangu ndiye atakayeuvuta. Nimelifikiria hili usiku zaidi ya mmoja na sina jibu zuri, isipokuwa kwamba plastiki isichomwe popote pale, na karatasi zinazobaki zichomwe siku nguru anapotazama upande usio na mtu, na siku asipotazama huko zingoje. Mzee wetu wa taka nimemwuliza kama atakubali kufuata samaki badala ya saa. Amesema akiandikiwa na ofisi, atakubali.

Kielelezo cha nguru, cha ukubwa wake halisi wa mita moja, nimekikata kwa katoni na kimetundikwa maktabani karibu na dirisha. Jicho bado halijachorwa. Mkebe wa michango uko kwa mweka hazina wa chama, na fundi ametuwekea bati hadi mwisho wa mwezi. Asiyempenda nguru na aje na samaki wake.